Msalaba Ndani ya Mtungi wa Mchele

Saa kumi alasiri Bibi Shi Peizhen alirudi kutoka sokoni, akakuta mtungi wake wa mchele umepinduliwa kwenye jiko la pamoja, ghorofa ya tatu. Msalaba wa fedha wa mama yake haukuwamo. Aliuficha humo miaka ile ya mapinduzi, watu walipopekuliwa na kuchomewa vitu vya sala, na hakuwahi kuuhamisha.

Mkaguzi Gu Wenlan alipofika, msichana mwenye kamera alikuwa amebanwa ngazini, analia.

"Ndiye huyu!" jirani, Mzee Bao, alifoka. "Kila siku wageni wanakuja kupiga picha ngazi walizojenga Wafaransa zamani, mpaka chupi zangu kwenye kamba wanazipiga! Nimetoka bustanini kucheza karata, namkuta anatoka jikoni. Mpeleke ndani, afande!"

"Sijaiba," msichana, Lou Kexin, alisema. "Jumatatu naanza kazi ya ualimu. Nikilala kituoni, shule gani itanitaka?"

"Ungefikiria hilo kabla hujaingia jikoni kwa watu," Bibi Shi alimkata.

Gu alipekua mkoba wa msichana. Msalaba haukuwamo.

"Kampa mwenzake," Bao alisema.

"Jikoni ulifuata nini?" Gu alimuuliza Kexin.

"Niliishia mlangoni. Nilipiga picha moja tu, zile taa za darini. Zilinichekesha."

Jiko halikuwa na dirisha. Taa tatu zilining'inia darini, kila familia na yake, na swichi ya kila taa ilikuwa chumbani kwa mwenyewe, asije mtu akala umeme wa mwenzake. Kwenye picha aliyoonyesha Kexin, ya katikati ilikuwa inawaka.

"Hii ya nani?"

"Ya Bao," Bibi Shi alijibu. "Yangu ya kushoto. Wenye ile nyingine wako Kanada."

"Mzee Bao, kaiwashe."

Bao alifungua chumba chake kwa ufunguo. Taa ya katikati ikawaka.

"Nani mwingine ana ufunguo huo?"

"Hakuna. Labda niliisahau asubuhi."

"Wewe?" Bibi Shi aligeuka. "Unayezima taa hata mboga hazijaiva? Nilipokwenda sokoni humu mlikuwa na giza!"

"Ulirudi mapema," Gu alimwambia Bao. "Ulitaka mwanga wa kuchimbulia mchele, na taa ya Bibi usingeweza kuiwasha. Ukawasha yako, kama ulivyozoea, na huyu binti akaipiga picha ulipokuwa umerudi chumbani kuizima."

"Nimechoka!" Bao alilipuka. "Hata kujikuna siwezi bila kupigwa picha! Nilitaka polisi mfunge mlango wa chini, wageni wasipande tena, basi. Msalaba ningeurudisha!"

"Na huyu binti ungemrudishia nini?"

Bao akautoa msalaba mfukoni. Bibi Shi aliupokea.

"Ulikuwa mtoto, Bao. Uliniona nikiuficha. Walipopekua nyumba nzima hukusema, nami nimekuombea kila siku kwa ajili hiyo. Leo unauiba wewe?"

Gu alimshika Bao mkono.

"Nisamehe, binti," Bibi Shi alimwambia Kexin. Kisha akapiga magoti kuokota mchele. "Afande, kabla hujaondoka naye, akazime taa yake. Sitaki inimulikie."