Miguu Chini ya Kioo

Jumanne, tarehe 11 Juni, saa kumi na moja na dakika ishirini jioni, meza ya chakula ya marehemu Kahangwa ilitolewa nyumbani kwake Buganguzi ikapakiwa kwenye Fuso. Viti saba vilifuata. Sita vilibebwa viwili viwili. Cha saba, kile chenye mikono, kilihitaji wanaume wawili.

"Hiki mmesahau mtu ndani," mmoja wa wapakiaji alisema, na wenzake wakacheka.

Renatha naye alicheka. Alikuwa amesimama barazani akiwaharakisha, maana giza lilikuwa linakaribia na meza mpya ilikuwa bado haijafungwa miguu. Fuso hiyo hiyo ndiyo iliyoileta kutoka Miembeni, Bukoba, kwenye karakana ya seremala aitwaye Datius. Datius huuza samani mpya na kununua za zamani, hasa za mvule, kwa ajili ya mbao.

Meza ya zamani ilichongwa misheni ya Rubya mwaka 1971. Haikuwa na msumari hata mmoja. Kahangwa alikula juu yake miaka yake yote ya ndoa, akiwa upande ule ule, kwenye kiti chenye mikono, mgongo wake ukielekea mlango wa kutokea kwenye kibanja, shamba la migomba la nyumbani. Mwezi Machi alizikwa humo humo kibanjani, hatua kama thelathini kutoka kwenye mlango huo.

Renatha alikuwa mke wa Avit, mtoto wa mwisho wa Kahangwa. Alifundisha shule ya msingi, na wazo la meza mpya alilipata msibani. Edvina, mke wa Apolinary, kaka mkubwa wa Avit anayeishi Mwanza, alipitisha kidole juu ya mvule ule mbele ya watu.

"Mwalimu, hii bado ipo?" alisema. "Nilidhani mlishawarudishia mapadre."

Watu walicheka kidogo, kwa adabu ya msiba. Renatha hakusahau. Na sasa ukoo wote ulikuwa unakuja tena. Jumamosi, tarehe 15, Avit angekalishwa rasmi kuwa musika, mrithi wa baba yake. Kahangwa alimtaja mbele ya wazee kwa kuwa ndiye aliyebaki nyumbani. Shughuli ilikuwa imecheleweshwa miezi mitatu ikimsubiri Apolinary. Renatha alitaka siku hiyo wageni wakute meza ya kioo na viti vya velveti.

Mtu mmoja tu angeweza kumzuia. Mama mkwe wake, Anatolia, alikuwa amelazwa hospitali ya Rubya tangu Jumamosi kwa shinikizo la damu.

Avit alirudi kutoka chama cha ushirika cha kahawa saa moja kasoro. Alisimama mlangoni akaitazama meza.

"Na kile kiti cha baba?"

Renatha alimjibu kwamba vimeondoka vyote, kwamba seti haiuzwi nusu. Kama ni kiti cha kumkalisha musika, si kipo kile kigoda cha sebuleni? Avit alifikiri kidogo akakubali. Alikuwa na njaa. Akaketi mahali pa baba yake.

Walikuwa wawili tu nyumbani. Binti yao, Kemilembe, alikuwa shule ya bweni. Walikula ndizi na maharage bila kuzungumza sana. Saa moja na nusu ukasikika mlio.

Krrr...

Kiti kilikuwa kinavutwa sakafuni. Renatha aliinua macho. Avit alikuwa ametulia, kijiko mkononi. Viti vipya vilikuwa na mpira chini ya miguu. Havikuwa na mlio. Mlio ule ulikuwa wa mvule juu ya saruji, na Renatha alikuwa ameusikia kila jioni kwa miaka kumi na sita, kila mzee alipokaribia kula.

"Panya," Avit alisema.

Akaendelea kula.

Jumatano walikula saa ile ile. Renatha aliangusha kipande cha ndizi mezani, akainamisha kichwa kukiokota. Meza ya mvule ilikuwa haionyeshi kilicho chini yake. Kioo kilionyesha.

Aliona ndala za Avit.

Juu ya ndala hizo... miguu mingine miwili.

Ilikuwa peku. Ilikuwa imesimama juu ya miguu ya mumewe, nyayo juu ya vidole, kama mtu aliyekosa pengine pa kukanyaga. Udongo mwekundu ulikuwa umejaa katikati ya vidole. Kidole gumba cha mguu wa kushoto hakikuwa na kucha.

Kahangwa alijikata kucha hiyo kwa jembe mwaka ambao Renatha aliolewa. Renatha ndiye aliyekuwa akikifunga kidole kile kitambaa.

Juu ya kioo, nyuma ya Avit, hapakuwa na mtu. Palikuwa na ukuta, mlango, na harufu. Harufu ya kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa na majani na kukaushwa juani. Kahangwa alikuwa nayo mdomoni tangu asubuhi hadi anapolala.

Renatha alinyanyuka polepole, akaenda kabatini, akatoa kitambaa cheupe cha Krismasi. Akakitandika juu ya kioo, akiinua sahani moja moja. Avit alimuuliza kulikoni.

"Kinachafuka haraka," alisema.

Alhamisi walikula juu ya kitambaa. Renatha alikuwa amepandisha miguu yake kitini na kuikunja chini ya kanga. Hakula. Alikuwa anamtazama mumewe, na mumewe alikuwa anabadilika rangi.

"Mama Kemi," Avit alisema kwa sauti ya chini. "Toa mguu wako."

"Upi?"

"Unanikanyaga."

"Miguu yangu iko huku juu, Baba Kemi."

Avit alimtazama. Aliona magoti yake juu ya kiti, upande wa pili wa meza. Akaweka kijiko chini. Hakuinua kitambaa. Wala yeye Renatha hakukiinua.

Walikaa hivyo mpaka harufu ilipoondoka.

Ijumaa asubuhi Avit hakuweza kusimama. Miguu yake ilikuwa ya baridi kuanzia kwenye magoti kushuka chini, na juu ya kila mguu palikuwa na alama ya unyayo, imeingia kwenye nyama kama kidole kinavyoingia kwenye unga uliokandwa. Mganga wa zahanati alikuja, akachoma miguu kwa sindano. Avit hakuhisi. Mganga akaandika wampeleke hospitali Jumatatu kama hali haitabadilika.

Saa nne Anatolia alirudi. Alikuwa ameruhusiwa. Aliingia na mkongojo wake, akafika chumba cha kulia, akasimama. Renatha alijiandaa kwa maneno makali. Hayakuja. Mama mkwe aliuliza jambo moja tu, kiti cha mzee kimekwenda wapi, kisha akaketi sakafuni, miguu ameinyoosha, kama wanawake wanavyokaa msibani.

Renatha alimweleza kuhusu kigoda.

"Kile tulikinunua sokoni Bukoba, cha kupambia," Anatolia alisema. "Hajawahi kukikalia hata siku moja."

Halafu akamweleza, bila haraka. Mtu akifa kiti chake hakiwi kitupu. Yeye bado amekikalia, anangoja musika aje kumpokea, ndipo anyanyuke aende zake. Ndiyo maana kila jioni, tangu mazishi, alikuwa anaweka punje tatu za kahawa kwenye mkono wa kiti kile. Renatha alikuwa akizifuta kila asubuhi pamoja na makombo.

"Umemwinua mzee wa watu mezani, Renatha. Sasa ulitaka asimame wapi?"

Renatha aliuliza kwa nini hakuambiwa mapema.

"Hakuna mtu anayeuza kiti cha marehemu kabla musika hajakaa. Ningekwambia nini?"

"Na wazee wakimkalisha kwenye kingine kesho?"

"Basi mzee atabaki amesimama pale pale." Anatolia aliutazama mlango wa chumba alimolala mwanawe. "Na huyu hatatembea."

Renatha alifika Miembeni saa nane na nusu. Datius alikuwa anapiga randa. Alimpokea kwa utani, akamuuliza kama mwalimu amekuja kuchukua na kabati. Alipoona uso wake aliacha.

Meza ilikuwa imekwisha kupasuliwa. Viti sita vilikuwa vimenunuliwa na mwenye mgahawa. Kile chenye mikono alikifungua Jumanne usiku ule ule, mara tu waliposhusha mzigo. Alisema mbao ziliachana zenyewe, hakutumia nguvu. Renatha alianza kupekua rundo kwa mikono yake. Akapata kikalio. Akapata mgongo na mikono yote miwili. Akapata miguu mitatu.

"Wa nne?"

Datius alikuna kichwa. Kulikuwa na kitanda kilichopungukiwa mguu, mteja anakingoja. Aliuchonga ule wa mvule ukaenea. Kitanda kiliondoka Jumatano asubuhi na pikapu ya mteja mwenyewe, mwanamke. Hakuchukua jina wala namba yake.

"Nitakuwekea wa paini," alisema. "Nikipiga vanishi hutautambua."

Renatha alitazama saa. Kesho ilikuwa Jumamosi.

"Weka," alisema.

Datius aliunga kiti kwa gundi na misumari. Saa tatu usiku kilikuwa Buganguzi. Anatolia alikuwa hajalala. Aliinama, akapitisha kiganja kwenye miguu ya kiti, mmoja baada ya mwingine. Kwenye wa nne kiganja kilisimama. Alimtazama mke wa mwanawe kwa muda. Renatha alitazama chini. Mama mkwe hakuuliza.

Jumamosi saa tisa alasiri wazee wa ukoo walimbeba Avit wakamkalisha kwenye kiti cha baba yake, mgongo ukielekea kibanjani. Wakampa mkuki na mundu wa kukatia ndizi. Wakampa punje za kahawa akatafuna. Mzee mmoja alimwita kwa jina la baba yake, naye akaitika, kama alivyofundishwa. Sakafu ilikuwa imetandikwa nyasi mbichi. Edvina aliuliza kwa nini meza nzuri vile imefunikwa, na Apolinary akamwambia aache, hapa si Mwanza.

Mnamo saa kumi na moja Avit aliomba maji. Kisha akanyanyuka mwenyewe kwenda kuyachukua.

Watu walipiga vigelegele. Renatha alikwenda nyuma ya jiko akalia.

Wageni walipoondoka, familia ilikula. Ilikuwa saa moja na nusu. Anatolia aliweka punje tatu kwenye mkono wa kiti. Krrr haikusikika. Avit alikula sahani mbili. Alisema miguu yake ina joto, akaichezesha vidole.

Renatha alisubiri mpaka mumewe alipogeuka kuzungumza na mama yake. Akainua ncha ya kitambaa.

Ndala mbili za Avit. Hakuna aliyezikanyaga.

Pembeni yake, juu ya nyasi, mguu mmoja peku. Ulikuwa umetulia, kisigino chini, mguu wa mtu aliyekwisha kukaa akashiba. Ulikuwa wa kulia.

Alitafuta wa kushoto. Alitazama chini ya kiti, nyuma ya kiti, upande wake mwenyewe.

Haukuwepo.

Akashusha kitambaa.

Jumatatu Avit hakupelekwa hospitali. Alama zilikuwa zimefifia, akaenda kupima kahawa kama kawaida. Renatha alimpigia Datius kila siku kumuuliza kama yule mwanamke wa kitanda ametokea. Hakuwa ametokea.

Jumanne, tarehe 25 Juni, saa kumi na moja na dakika ishirini jioni, Renatha alipigiwa na namba asiyoijua. Sauti ilikuwa ya mwanamke, na ilikuwa inanong'ona. Alisema namba amepewa na fundi wa Miembeni. Alijitambulisha kwa jina la Kokuhumbya, akasema kitanda kile alikinunua kwa ajili ya mama yake, ambaye ni mgonjwa.

Renatha alimuuliza anaishi wapi, ili wafuate mguu ule hata leo. Mwanamke alimkatiza.

"Waitu, tafadhali, nikuulize," alisema. "Mwenye mbao hizi... ni mzee?"

"Alikuwa mzee. Alikufa Machi."

"Mguu wake wa kushoto. Kidole gumba kilikuwa na kucha?"

Renatha aliufunga mlango wa chumba ili Avit asisikie.

"Hakikuwa nayo," alisema.

Halafu mwanamke alisema, kwa sauti ndogo zaidi, kwamba mama yake ameacha kuzungumza tangu jana, kwa sababu mguu huo unasimama kifuani mwake.

Nyuma ya sauti hiyo Renatha alisikia kitu kizito kikiburutwa sakafuni. Krrr.

Simu ilikatika saa kumi na moja na dakika ishirini na nne. Renatha alipiga tena mara kumi na tisa jioni hiyo. Namba haikupatikana.