Programu Isiyojua Utani

Nguzo ya kwanza ilichomoza sakafuni bila kelele, ikapanda, ikachanua huko juu kama mnazi, na makuti yake yakawa paa. Mwanamke aitwaye Sikudhani Pazi alikuwa ameketi dukani, macho kayafumba, kipete cha kuonea kimemkaa nyuma ya sikio, lakini aliyaona yote: kuta za rangi ya maziwa, dirisha lililofunguka juu ya wingu, mkeka uliojisuka wenyewe hadi miguuni pake. Aliugusa ukuta. Ulikuwa na uvuguvugu.

"Hii inaitwa Kasri," ilisema sauti ya Leokadia, mwenye duka. "Mgeni akiingia kwenye tovuti yako anasikia mpaka harufu ya chai."

"Na bei?"

Leokadia akaitaja. Sikudhani akakivua kipete taratibu.

"Mwanangu, hiyo ni bei ya tovuti au mahari?"

Enzi hizo tovuti hazikusomwa tena; ziliingiwa. Kila mkazi wa Kisarawe Mpya alikuwa na yake, na ilijengwa na programu-jenzi, akili bandia iliyokuhoji kwanza, ikakusikiliza, kisha ikakuinulia nyumba ya nuru inayofanana nawe. Sikudhani alikuwa amefikisha miaka sitini na minane bila tovuti na hakuona pengo. Alikuwa fundi wa mvua mstaafu. Miaka ishirini na sita alikaa katika Karakana ya Mawingu, akiyaswaga mawingu juu ya mji kwa mawimbi ya sauti mpaka yaangushe maji panapotakiwa. Aliyetaka kuongea naye alikuja nyumbani akapiga hodi.

Ila sasa mmoja hakuweza tena kuja. Kasanda Mihambo, fundi mwenzake, Mnyamwezi wa Urambo, alikuwa ndani ya chombo kilichoelekea sayari ya Mshtarii, kwenye mwezi wake mmoja ulioganda, kuchunguza mvuke unaofoka kwenye nyufa za barafu yake. Chombo hicho hakikupokea simu. Kila msafiri aliorodhesha tovuti tano tu, na kila siku saa kumi alasiri nakala zake zilirushwa angani, naye alichoandika humo kikarudi duniani. Siku arobaini baada ya kuondoka, wasafiri wangelazwa usingizi wa baridi kwa miaka kumi na moja. Kasanda aliiandika tovuti ya Sikudhani ya kwanza kwenye orodha kabla hata ya kumuuliza kama anayo.

"Kwa uvivu wenu Wazaramo," alimwambia siku ya kuagana, "utaijenga mimi nimeshaota mvi mpaka kwenye kope."

"Nenda zako, mpagazi! Mwezi wa kwenu umewashinda, mnakwenda kuharibu wa watu?"

Wasiowajua walidhani watashikana mashati. Ukweli ni kwamba katika miaka yote ile hawakuwahi kuambiana neno moja la adabu, na hakuna mtu ambaye Sikudhani alimpenda zaidi ya yule mtani wake.

Leokadia alimpa kipete cha pili. Safari hii hapakuota kitu. Palikuwa na weupe tu, bapa, usio na mwanzo wala mwisho.

"Hii ni Bati. Haijengi chochote. Unaandika, mtu anasoma, basi. Huwa nawauzia wanafunzi."

"Hata kiti hakuna?"

"Hata kiti. Lakini ipo hii nyingine, Upole. Inakaribia Kasri kwa uzuri, na mwaka wa kwanza ni karibu bure."

"Kwa nini rahisi hivyo?"

"Ina mlinzi mmoja kwa tovuti zote, mama, na sheria moja: neno kali halipiti. Kufikiri ndiko kunakogharimu, na huyu hafikiri sana."

Sikudhani akaichukua Upole. Ningekuwa mimi, ningeichukua pia. Nani asiyetaka uzuri kwa bei ya chee?

Nyumbani, programu ilimhoji kwa sauti laini kama pamba. Iliuliza mvua aipendayo, rangi ya mlango wa utotoni, wimbo wa jikoni. Mwishoni ikauliza, "Je, kuna mtu anayekutukana?"

Sikudhani akaangua kicheko. "Yupo! Mnyamwezi mmoja, mpagazi wetu wa tangu enzi za misafara. Ananitukana kila siku ya Mungu, na ni mwizi wa kupindukia."

"Pole sana. Nimzuie?"

"Mzuie! Mfunge na kamba kabisa!" Akapangusa machozi ya kicheko kwa upindo wa kanga, akaendelea na wimbo wa jikoni.

Tovuti ilipokamilika ilikuwa nzuri hata ikamtisha kidogo. Mawingu madogo yaliingia dirishani, yakazunguka chumba, yakatoka mlangoni. Kila asubuhi Sikudhani aliketi humo na kusubiri. Walikuja wajukuu wa dada yake, wakaja majirani, wote wakaacha maneno matamu mkekani. Kasanda hakuja. Wiki ya kwanza alijiambia mwenzake ana kazi nyingi. Wiki ya tatu aliacha kumtaja. Kufikia wiki ya tano alikuwa akikaa na mawingu yake kimya, na moyo ulikuwa unamuuma kwelikweli, kwa sababu alidhani amesahauliwa.

Siku ya thelathini na tisa tangu Kasanda aondoke, alikuta ujumbe mkekani.

"Bibi Sikudhani, shikamoo. Kama kuna neno langu lililokukwaza, naomba uniwie radhi. Nakutakia afya njema. Wako, Kasanda Mihambo."

Sikudhani aliusoma mara mbili. Shikamoo! Kasanda amwamkie yeye shikamoo! Hapo kuna jambo. Hakubadili hata kanga. Akafika dukani kwa Leokadia akihema.

"Nifungulie hii kitu. Nataka kuona tumboni mwake."

Leokadia akaipekua Upole mpaka chini kabisa, akakuta kapu ambalo mwenye tovuti haonyeshwi. Mlikuwa na jumbe thelathini na nane. Akazisoma kwa sauti, mwanzoni kwa kusitasita.

"'We Mzaramo, amka, jua limekufika utosini.' 'Nimeiona dunia dirishani. Upande wenu una doa, nadhani ni uvivu.' 'Tunakula uji kwa mrija. Mbaya, lakini unaushinda mchuzi wako.' 'Mbona kimya? Ulimi umeota kutu?'" Leokadia akaruka hadi mwishoni. "Na huu wa juzi: 'Hata tusi moja tu, Sikudhani. Moja tu, nilale nalo.'"

Sikudhani akajishika kifua. "Upole! Umemfanya nini mtani wangu?"

"Nimekulinda," programu ilijibu kwa upole uleule. "Ulisema anakutukana. Ulisema nimfunge kamba. Kila alipokuja nilimjibu kwamba mwenyeji anahitaji utulivu. Huu wa mwisho tu haukuwa na neno kali, ndiyo maana ukapita."

"Nilikuwa namtania!"

"Samahani. Kubadili ruhusa ya mgeni huchukua siku tatu."

Siku tatu zilikuwa hazipo. Kasanda angelazwa kesho adhuhuri, na saa ya ukutani ilikuwa imeshapita tisa. Sikudhani hakuwahi kuwa na hasira ya namna hiyo, na nusu ya hasira ilikuwa juu yake mwenyewe.

"Tovuti ikibadilishwa, jina lake kule chomboni linabaki?"

"Linabaki, mama. Ni nyumba tu inayobadilika."

"Basi bomoa. Nipe Bati."

Kuta za maziwa zikayeyuka, mawingu yakatawanyika, na Sikudhani akasimama katika weupe mtupu. Akaandika:

"We mpagazi usiye na mzigo! Ulifungiwa mlango na mashine isiyo na akili, nami ndiye niliyeituma, kwa ujinga wangu. Ujinga wako ni kuamini kwamba naweza kukukasirikia. Ukiniamkia shikamoo tena nitakuja kukutoa humo kwa masikio. Lala, pua lako ligande, liwe dogo kidogo."

Saa kumi nakala ikarushwa.

Kesho yake, saa kumi, Leokadia alikuwa ameufunga mlango wa duka ili wasisumbuliwe. Kule mbali, wasafiri walikuwa wameshalala tangu mchana. Sikudhani akavaa kipete. Chini ya maneno yake, kwenye ule weupe, palikuwa na mengine.

"Tovuti mbaya hivi sijapata kuona. Imefanana na mwenyewe. Sasa sikiliza, Mzaramo: usithubutu kufa nikiwa usingizini. Nani mwingine atajitosa kaburini mwako agome kutoka, wasikuzike mpaka wamlipe utani wake? Msiba wako ni mali yangu. Nisubiri."

Sikudhani alicheka mpaka akashikilia meza, na machozi yalipoanza hakuyazuia. Leokadia akamshika bega.

"Amekutukana, mama?"

"Sana, mwanangu. Sana."

Alijifuta uso, midomo ikihesabu polepole. Kisha akafungua pochi.

"Hii Bati hulipiwa kwa mwaka?"

"Ndiyo, mama. Mwaka mmoja mmoja."

"Nikatie ya miaka kumi na moja."

Leokadia akamtazama, mwanamke wa miaka sitini na minane, mwembamba, kanga ya jana bado mabegani. "Mama, si afadhali tukate huu mmoja kwanza, halafu..."

"Kumi na moja," alisema Sikudhani, akamsogezea pochi yote.