Kitu Kwenye Uji wa Gloria

Kila asubuhi kabla ya shule, Ikupa ndiye aliyekoroga uji wa ulezi nyumbani kwao katika mji wa Mpemba, karibu na mpaka wa Zambia. Mama aliwahi sokoni na nyanya zake, kwa hiyo jikoni alibaki Ikupa, mwiko, na mdomo wake usiojua kupumzika. Kila aliyepita alitaniwa, na aliyetaniwa kuliko wote ni dada yake, Gloria.

Gloria aliwahi kuugua ugonjwa wa akili. Alisikia sauti zisizokuwapo, akaamini kuna watu wanamwekea sumu kwenye chakula. Dawa za hospitali zilimtuliza, akarudi hata kwenye kwaya. Ila dawa hizo zilikuja na njaa. Gloria alikula, akaongeza, akanenepa, na majuzi vipimo vilionyesha sukari imeanza kupanda.

"Dada, kwa upana huo utapangwa foleni na malori ya Zambia," Ikupa alimtania siku moja.

Gloria alicheka. Lakini jioni Ikupa alimkuta chumbani analia, zipu ya sare ya kwaya imegoma kufunga. Alisema afadhali aziache hizo dawa.

Utani ukamwishia Ikupa mdomoni. Dawa zikiachwa, zile sauti si zitarudi? Ndipo akakumbuka kopo la unga wa majani ya mlonge alilotuma bibi yao wa Msangano. Muuza dawa mmoja pale stendi alikuwa akitangaza kwa kipaza sauti kwamba mlonge unashusha sukari, unayeyusha mafuta na kunyoosha mgongo. Kidogo tu aseme unafaulisha na hesabu. Ikupa hakumuuliza mtu. Kesho yake alitia mlonge kwenye kikombe cha Gloria, kwani uji wa ulezi una rangi ya kuficha mengi.

Ladha haukuificha. Gloria alionja, akakunja uso. Siku iliyofuata alikisukuma kikombe. "Mmeniwekea kitu," alisema taratibu.

Mama alijishika kichwa. Yalikuwa maneno yale yale ya zamani. Gloria akagoma kula chochote kilichopikwa nyumbani, akawa anaishi kwa ndizi alizomenya mwenyewe, mpaka mama akawachukua wote wawili kwenda hospitali.

Mama alimweleza Daktari Fanueli kwamba ugonjwa umerudi. Gloria alirudia kuwa uji una kitu, lakini safari hii kwa sauti ndogo, kama mtu aliyeanza kujitilia shaka mwenyewe. Daktari akasema huenda ikabidi dozi iongezwe. Ikupa akainuka. Dada yake alikuwa amesema kweli, na kwa kweli hiyo angeongezewa vidonge.

"Dada haumwi," alisema. "Kitu kilikuwemo. Nilikitia mimi."

Akaeleza yote: sare, malori, mlonge. Hasira na furaha viligombania uso wa mama, furaha ikashinda, akacheka huku akijifuta machozi. Gloria alishusha pumzi ndefu.

"Kumbe ulimi wangu ni mzima," alisema. "Nilidhani nimerudi kule."

Daktari alimuuliza Gloria kuhusu usingizi na zile sauti. Aliporidhika, alisema dozi haitaongezwa. Kuhusu unene na sukari, alisema wala si uroho. Dawa yenyewe huweza kuleta hayo, na wangemwambia mapema angeanza mapema kutafuta njia: kupanga chakula, mazoezi, hata kubadilisha dawa. Kisha akamgeukia Ikupa.

"Ni kweli wataalamu wanaichunguza mimea, waone kama inaweza kuwasaidia wagonjwa kama dada yako. Ila kazi hiyo haijaisha, na mmea unaweza kugombana na vidonge tumboni. Ukitaka kumsaidia mtu, muulize kwanza yeye mwenyewe, halafu tuulize sisi. Ukimtibu kwa siri, hata kwa upendo, unamfanya asiamini chakula chake wala akili yake. Leo umesema kweli, na kweli hiyo imemsaidia kuliko kopo zima la mlonge."

Walirudi nyumbani kwa miguu, kwa hiari ya Gloria. Mama aliahidi kuongeza kitambaa ubavuni mwa sare.

Asubuhi Ikupa alipoinjika uji, Gloria alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Leo forodha ni mimi," alisema. "Onyesha mikono, nikague mzigo."

Ikupa akainyoosha yote miwili. Haikuwa na kitu ila mwiko. Gloria akavuta kigoda, akakaa, akanywa uji wake mpaka akakwangua kikombe.