Shimo Lililozima Kibatari

Kila walipotaka kupika mbege, pombe ya ndizi na ulezi, Mektrida na mumewe Thadeus walivundika ndizi katika shimo la zamani, kihambani, shamba lao la migomba juu ya mji wa Moshi. Babu zao walilichimba wakati wa vita ili wajifiche. Lilikuwa refu kupita kimo cha mtu.

Asubuhi moja yenye ukungu, Mektrida alifunua majani ya migomba yaliyoliziba. Harufu tamu ikapanda. Mbwa wao akanusa, akateleza, akatumbukia. Hakubweka. Alilala juu ya ndizi, kimya, macho wazi.

"Thadeus! Njoo!"

Thadeus alifunga kibatari kwenye kamba, akakishusha. Hapakuwa na upepo. Hata jani halikutikisika. Kibatari kilipofika katikati, moto ulinywea, ukazimika. Akakiwasha tena. Kikazimika palepale, kana kwamba kuna mtu chini anayepuliza.

Mektrida akafanya ishara ya msalaba. "Tuondoke, Baba Jesse. Humo hamna heri."

"Wazee wamekasirika," Thadeus alinong'ona. "Lakini mbwa wangu simwachi."

Mkewe akamlazimisha ajifunge kamba ya ng'ombe kifuani. Akashuka ngazi. Kichwa kilipopita ukingo, Mektrida alimsikia akihema mbiombio.

"Mama Jesse... nani ananikalia kifuani?"

Kisha kimya.

Mektrida alipiga yowe, akaweka mguu kwenye ngazi.

"Usishuke!" Alikuwa jirani yao Aikande, mwalimu wa biolojia, akija mbio. "Ukishuka tutawazika wawili! Vuta!"

Wakavuta hadi viganja vikachubuka. Thadeus akatoka, midomo rangi ya majivu. Wakamlaza mbali na shimo. Akakohoa, akavuta pumzi ndefu. Wakamkimbiza zahanati.

Jioni aliporudi, aliuliza, "Mwalimu, nani alinishika?"

"Ndizi, shemeji."

"Ndizi hazina mikono!"

"Zina uhai. Mkungu ukikatwa haufi papo hapo. Ndizi imejengwa kwa seli, vyumba vidogo mno vilivyo hai. Ina wanga, na ikiiva wanga hugeuka sukari. Sukari ni kaboni, hidrojeni na oksijeni zilizoshikana. Seli huchukua oksijeni ya hewani, huivunja sukari, hupata nguvu. Kinachobaki ni maji na hewa ya ukaa. Mwili wako nao hufanya hivyohivyo."

Mektrida akauliza, "Yaani zilikuwa zinapumua, humo gizani?"

"Zinapumua. Na hewa ya ukaa ni nzito, hutuama shimoni kama maji. Huioni, huinusi. Oksijeni ikipungua na hewa hiyo ikijaa, mtu huanguka. Usiingie kamwe, hata kumwokoa mwenzako. Vuta ukiwa juu, ita watu. Wala usitegemee kibatari: kinaweza kuwaka na hewa imeshaharibika."

Wakalifukia shimo, mbwa akiwa humo humo. Thadeus akajenga banda lenye madirisha ya wavu, wakapanga ndizi juu ya uchanja. Ziliiva vizuri, na mbege ikatoka tamu.

Jirani mwingine, Basili, alikuja kuionja. Walipomsimulia yaliyowapata, aliweka kata chini.

"Kwangu lipo shimo kama hilo," alisema polepole. "Nimewatuma binti zangu wakatoe ndizi."

Walikimbia wote, wakipita katikati ya migomba, Basili akiita majina.

Mabinti walikuwa ukingoni, ndiyo kwanza wanafunua majani. Mmoja alikuwa ameshashika ngazi.

Kabla jua halijazama, shimo la pili lilikuwa limefukiwa.