Kadibodi Chini ya Gari la Akil

Maiti ilikuwa bado imeshika usukani. Gari la spoti la milango miwili, rangi ya buluu, lilikuwa limebonyea ubavu wote wa kulia kwenye nguzo ya taa pale barabara ya Mama Ngina, na redio ilikuwa ingali ikisoma taarifa ya habari. Ilikuwa Jumapili, saa moja kasorobo asubuhi. Wauza mihogo ndio kwanza walikuwa wakiwasha makaa.

Inspekta Mbeyu wa Idara ya Upelelezi alifika na nguo zake za kanisani. Ajali ni kazi ya askari wa trafiki, lakini askari hao walimpigia simu wenyewe. Waliona barabarani kitu kisichowapendeza: mstari mpana wa oili, mweusi, mbichi.

"Ajali haina kinga, Inspekta," alisema Sajini Morris, msaidizi wake, mtu asiyeishiwa na methali. Alikuwa akifunga utepe wa manjano.

"Hiyo ni methali, Morris. Si ushahidi."

Marehemu aliitwa Akil Ziad, miaka ishirini na saba, karani wa bandarini, mkazi wa Mji wa Kale. Alikuwa amevaa suti nzito ya mbio. Kofia yake ngumu ilikuwa kwenye kiti cha pili, imefungwa mkanda vizuri kama abiria. Ilikuwa ni ya uwanjani, na hapo barabarani hakuona haja ya kuivaa.

Shahidi alikuwa mmoja tu, Sheryl, muuza mihogo.

"Alikuwa akikimbiza?" Mbeyu aliuliza.

"La, na hilo ndilo linaloniuma. Alikuja taratibu, hata akanipungia mkono. Kufika kwenye kona, nyuma ya gari ikateleza kama mtu aliyekanyaga ganda la ndizi."

"Ulisikia breki?"

"Nilisikia nguzo tu."

Mbeyu aliufuata ule mstari wa oili kurudi ulikoanzia. Ulianzia hatua sitini kabla ya kona, na hapo, kando ya lami, palikuwa na boliti moja. Kichwa chake kilikuwa kimetobolewa tundu jembamba, na ndani ya tundu mlikuwa na kitu cha kijani kilichoyeyuka kikaganda. Aliiokota kwa glavu, akaitia katika mfuko wa ushahidi.

"Mtu hafi kwa boliti, Inspekta."

"Hufa kwa aliyeilegeza."

Daktari wa maiti hakuchelewesha. Fuvu lilikuwa limevunjika upande wa kulia. Damu haikuwa na pombe wala dawa yoyote. Familia ilipewa maiti yao, na Akil akazikwa kabla ya magharibi siku ileile.

Kesho yake afisa mkaguzi wa magari alilizunguka lile gari huku akitikisa kichwa, na ilikuwa wazi kwamba analionea huruma. Akil alikuwa amelimiliki miaka minne. Alilitia springi fupi ngumu, breki kubwa, na kiti chembamba cha mbio. Kila asichokihitaji alikiondoa: kiti cha nyuma, mazulia, hata mfuko wa hewa wa ubavuni, ili gari liwe jepesi. Siku za kazi alikwenda nalo bandarini. Jumapili moja kila mwezi alivuka nalo feri hadi uwanja wa zamani wa ndege huko Kwale, ambako yeye na wenzake walishindana na saa.

"Mfuko wa hewa ungemwokoa?" Mbeyu aliuliza.

"Pengine. Lakini kilichomtelezesha ni oili yake mwenyewe. Boliti ilidondoka, oili ikamwagikia matairi ya nyuma. Tazama hapa." Alimulika tochi chini ya injini. "Sheria za mbio zinataka boliti hii ifungwe waya wa chuma isifunguke. Waya huu hapa. Umekatwa kwa koleo."

"Na hiki cha kijani?"

"Nailoni. Mshipi wa kuvulia samaki. Aliyekata waya alifunga mshipi badala yake."

Haikuwa ajali tena. Mbeyu aliagiza aitwe Ubaid, fundi na rafiki wa Akil tangu chuoni walikosomea Kurani. Alikuja na macho mekundu na mafuta kwenye kucha.

"Wewe ndiye uliyekuwa ukilitengeneza gari la Akil?"

"Tulilijenga pamoja. Kila boliti naijua."

"Hii je?"

Ubaid aliitazama ndani ya mfuko. "Ya sampo, bakuli la oili chini ya injini. Ndiyo hufunguliwa kumwaga oili kuukuu."

"Ulibadilisha oili lini?"

"Alhamisi. Nikaikaza, nikaifunga kwa waya."

"Waya umekatwa, ukafungwa mshipi."

"Mshipi?" Alikunja uso kama aliyesikia upuuzi. "Bi Inspekta, bomba la moshi linapita shubiri moja kutoka pale. Mshipi utayeyuka hata hujafika kivukoni. Hakuna fundi wa magari duniani anayefunga mshipi chini ya injini."

Mbeyu aliyaandika maneno hayo kama yalivyo. Yalimtoa Ubaid hatiani, lakini pia yalisema jambo jingine ambalo alikuwa hajalishika vizuri.

"Kama boliti ilikuwa imelegea, oili si ilitona usiku kucha? Mbona Akil hakuona?"

"Hilo nami nimejiuliza mpaka kichwa kimeniuma. Akil akiegesha, hutandaza kadibodi chini ya injini. Asubuhi huivuta akaitazama. Akiona tone moja, haendi popote. Siku moja alikosa arusi ya binamu yake kwa tone la maji. Sote tulimcheka."

"Nani alijua kawaida hiyo?"

"Mji wa Kale mzima."

Siku ya nne, hitma ikiwa imekwisha, Mbeyu alikwenda nyumbani kwa marehemu. Alimwacha Morris mwanzo wa kichochoro, kwa sababu nyumba ya matanga haiingiwi kwa viatu vya askari wawili. Aliyempokea alikuwa Najla, dada pekee wa Akil, msichana wa miaka kumi na tisa. Mama yao, Bi Shariffa, alikuwa amefariki mwaka uliopita.

"Makiwa," alisema Mbeyu.

"Tunayo. Karibu ndani."

Alimletea kahawa, akakaa kwenye mkeka, mikono mapajani. Magari hayaingii katika vichochoro vile. Akil alikuwa akiegesha kwenye uwanja mdogo nyuma ya ghala moja, mwendo wa dakika mbili kutoka mlangoni.

"Asubuhi ile ulimwona?"

"Nilimtangulia. Nilimpelekea chai na mahamri palepale kwenye gari. Kadibodi ilikuwa imejaa oili. Nikadhani ni uchafu wa Alhamisi, walipokuwa wakibadilisha. Bi jirani kila siku hutulalamikia kwa ajili ya uchafu huo. Basi nikaitupa jaani, nikatandaza mpya, ili kaka asianze siku yake kwa maneno ya watu."

Kalamu ya Mbeyu ilisimama.

"Halafu akaja?"

"Papo hapo, hata sijasimama vizuri. Akaivuta, akaitazama, akacheka. Akasema, 'Gari safi, Najla.'" Alijifuta uso kwa pembe ya leso. "Ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu."

Hakujua alichokisema. Mbeyu aliandika sentensi zile moja baada ya moja, na moyo ukamwuma kama zimemtoka yeye. Alitamani asingeuliza.

"Baba yenu yuko wapi?"

"Amerudi kazini leo, Liwatoni, kwenye bandari ya wavuvi. Hawezi kukaa nyumbani. Hajatia chakula kinywani tangu tuzike, ila maji na kahawa."

"Kazi gani?"

"Fundi wa injini za mashua."

Mbeyu alifunga daftari. Alilishika sasa lile neno la Ubaid: fundi wa magari hafungi mshipi.

Mzee Ziad alikuwa ameinamia injini ya mashua ya uvuvi, kofia yake ya kazi imening'inia kwenye msumari. Aliizima injini alipowaona Mbeyu na Morris. Mbeyu aliinama, akatazama. Kila boliti ya injini ile ilikuwa imefungwa mshipi wa kijani. Akaweka kiganja juu ya chuma. Kilikuwa vuguvugu tu.

"Haichomi," alisema.

"Yapozwa kwa maji ya bahari." Mzee alijipangusa mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Nilikuwa nikikungoja, mwanangu. Nilitaka kuja mwenyewe. Miguu ilikataa."

Kituoni, Morris alishika kalamu. Mzee Ziad aliambiwa haki zake: anaweza kunyamaza, anaweza kutaka wakili. Alisema hana la kuficha.

"Ulikata waya?"

"Nilikata."

"Lini?"

"Jumamosi, baada ya alasiri. Akil alikuwa amekwenda kwa kinyozi."

"Kwa nini?"

Mzee alitazama meza. "Mamake alipokuwa yuwafa aliniambia, 'Ziad, Akil nakuachia weye.' Nikamsihi mwanangu aache mbio hizo. Mara tatu nimemsihi. Kila mara, 'Hii ndiyo ya mwisho, Baba.' Mwezi uliopita mwenzake alipinduka kule uwanjani, akavunjika shingo. Akil ndiye aliyemtoa. Alirudi na damu ya mtu kwenye ile suti. Akaifua, akaianika darini. Mimi nikaitazama inakauka, nikajua yuwarudi tena."

"Ukaamua kumzuia."

"Kwetu Liwatoni, bahari ikichafuka na vijana hawasikii, mzee mmoja hutoa kizibo cha tundu la chini ya mashua akaenda nacho kwake. Asubuhi mashua haitoki. Hapana aulizaye ni nani, hapana ugomvi. Mimi mwenyewe nimetolewa kizibo ujanani, na ndiyo maana niko hai. Nilifanya vivyo hivyo. Nikailegeza boliti oili itone, aione, abaki. Nikaifunga mshipi isije ikaanguka, iwapo ataliwasha gari. Hivyo ndivyo nifungavyo miaka arubaini."

"Mshipi uliyeyuka, Mzee. Injini ya gari huchoma."

"Nimeambiwa." Aliitazama mikono yake kama ya mtu mwingine. "Nimeambiwa, mwanangu."

Morris alikuwa ameandika yote. Methali hazikumjia.

"Lakini kuna jambo silielewi," alisema mzee. "Kadibodi. Akil hajapata kuondoka bila kuitazama. Oili ilitona usiku kucha. Mbona hakuiona?"

Taarifa ya Najla ilikuwa mezani. Bila kukusudia, Mbeyu aliifunika kwa kiganja. Mzee aliuona mkono, akaona karatasi, kisha akamtazama usoni kwa muda.

"Najla hupenda kumpelekea chai," alisema polepole.

Mbeyu hakuuondoa mkono.

"Yeye yuwajua?"

"Hajui, Mzee."

"Basi andika niliitoa mimi."

"Siwezi."

"Andika, mwanangu. Asubuhi nilikwenda, nikaitoa."

"Ukisema hivyo, umesema ulimficha asione hatari. Hapo si kuua bila kukusudia tena. Ni mauaji. Utafia gerezani."

"Mimi nishakufa. Huyu ana miaka kumi na tisa. Andika."

Morris aliinua kalamu, akamtazama mkubwa wake. Ukweli ni kwamba Mbeyu alitamani. Miaka kumi na minane kazini hajawahi kuandika uongo katika taarifa, na siku ile aliuona uongo ukiwa na haki zaidi ya kweli. Lakini alikuwa mtu wa kufikiri jambo hadi mwisho wake, hata pale mwisho usipopendeza.

"Mzee, nani aliyeitupa ile kadibodi?"

"Nimekwambia, mimi."

"Najla ndiye aliyeitupa, na hilo analijua. Siku utakaposema mahakamani kuwa ni wewe, atajua kuwa umeongopa. Na atajiuliza kwa nini. Atalipata jawabu peke yake, na wewe hutakuwa naye."

Mzee alifumba macho. Alipoyafumbua, alikuwa ametulia.

"Basi niitie Najla. Asiyasikie kwa wakili, wala kwa bi jirani. Nitamwambia miye."

Akatia saini.

Najla alikuwa kwenye benchi la mapokezi. Aliambiwa tu kwamba baba yake yuko kituoni kuandikisha taarifa, naye alikuwa amekuja na chakula, wali wa nazi na samaki wa kupaka, katika hotipoti iliyofungwa leso. Alisimama alipomwona Mbeyu.

"Bi Inspekta, ile habari ya kadibodi. Ilikusaidia?"

Mbeyu alichukua hotipoti mkononi mwake, kwa kuwa alihitaji kushika kitu. "Baba yako ana neno na wewe," alisema mwishowe. "Kaa karibu naye."

Alimwingiza, akaiweka hotipoti mezani, akamtoa Morris. Alipaswa kubaki na mtuhumiwa, sheria inasema hivyo. Alisimama nje, mlango ukiwa wazi kidogo, mgongo umeegemea ukuta.

Alimsikia mzee akisema jina la Akil, kisha la Shariffa. Alimsikia akisema boliti, na mshipi, na mkono wangu. Sauti yake ilishuka. Akamsikia akisema kadibodi, na baada ya hapo akarudia jambo moja tu, mara nyingi: mwenye kosa ni aliyelegeza, mwanangu, si aliyesafisha.

Kisha msichana akalia. Askari wa mapokezi aliinua kichwa, akakiinamisha tena. Kilio kile kilichukua muda mrefu, nacho kikaisha kwa kuchoka, kama kilio cha mtoto.

Mbeyu alisikia leso ikifunguliwa fundo, na kifuniko kikiwekwa mezani.

"Kula, Baba," alisema Najla. "Kinapoa."