Kivuli cha Saa Sita

Jioni ile nilikwenda kuzima skrini. Mimi, mtunza nyaraka wa manispaa, nilifanya kazi hiyo ya kipumbavu kila jua lilipozama: kushuka hadi nguzo ya tatu ya daraja la mawe, ile iliyosimama pakavu ukingoni, kufuta maganda ya alizeti kwenye kioo, kubonyeza kitufe, kurudi nyumbani kula supu.

Skrini ilikuwa ya Krastan, naibu meya. Alivuka daraja lile miaka hamsini bila kulitazama, kisha akarudi kutoka mkutano wa mji mkuu, Sofia, akitamka "urithi" kama mtoto aliyejifunza tusi jipya.

"Piga picha kila karatasi ya daraja, Stoil, tuziweke kwenye skrini," aliniambia. "Wananchi waone."

"Mbili zimefungwa kwa nta, Bwana Naibu."

"Nta? Kwani sisi ni nyuki?"

Nikazifungua. Zilinuka chokaa mbichi.

Zilikuwa za ukarabati wa 1934. Nguzo ya tatu ilikuwa ikipasuka kila asubuhi, fundi mkuu aliandika. Basi waashi wakafanya kama babu zao: wakapima kwa uzi kivuli cha mpita njia, kwa siri, wakaujengea uzi ule ndani ya nguzo. Mwenye kivuli hakumaliza siku arobaini. Jina lake lilikuwepo, na urefu wa uzi. Chini yake: *Nta hii isivunjwe. Daraja likikumbuka, litadai tena.*

Krastan alicheka hadi akakohoa. Akaagiza mchezo: unasimama mbele ya skrini, kamera inapima kivuli chako, inakulinganisha na marehemu.

Wiki hiyohiyo nguzo ikapata ufa.

Siku ya uzinduzi, saa sita mchana kamili, baada ya mkate na chumvi vya kukaribishia wageni na hotuba ndefu, alisimama wa kwanza.

"Haya, nipime!"

Tii, skrini ikalia. Sentimita sitini na moja. Kifupi kama akili yake, nikajiambia.

Nilipokwenda kuzima jioni, karatasi ya 1934 ilikuwa imefunguka yenyewe kiooni. Chini ya jina la marehemu palikuwa na mstari mwingine. Wino uleule. Mwandiko uleule.

*Krastan. 61.*

Nilimwonyesha Bibi Raina, muuza mbegu za alizeti pale darajani. Akajifanyia ishara ya msalaba.

"Kamwambie," alinong'ona. "Alale kanisani, aondoke mjini, afanye lolote."

"Atanicheka, bibi."

"Kicheko kinakuuma kuliko roho ya mwenzio? Ptu! Nawe ni mtu?"

Sikumwambia. Nilihesabu siku. Ya thelathini na tisa akaanguka kwenye ngazi za manispaa, hakuamka. Matangazo ya kifo chake, yenye picha, yakabandikwa kwenye milango na milingoti. Moja likabandikwa kwenye kioo cha skrini yake. Niliona limefaa sana.

Basi jioni ile nikashuka. Nikabonyeza kitufe. Kioo kikawa cheusi, na uso wa Krastan ukitabasamu katikati.

Ndipo nikautazama ufa.

Ulikuwa umezibika... kutoka chini hadi juu kidogo ya goti langu. Hapo ukaishia. Juu yake ulikuwa wazi, wenye unyevunyevu, ukinuka chokaa mbichi.

Bibi Raina alikuwa anafunga gunia lake.

"Waashi walipima jioni," alinong'ona, bila kunitazama. "Kivuli cha saa sita ni makombo, mwanangu. Toka hapo."

Lakini jua lilikuwa nyuma yangu, limelala juu ya kilima. Kivuli changu kilikuwa kimekwisha kupita skrini. Kimepanda nguzo. Kimefika kileleni mwa ufa.

Tii.

Skrini niliyokwisha kuizima.

Leo ni siku ya kumi na mbili. Ufa hauonekani tena, na watu wa mjini wanalisifu daraja lao. Nimewaeleza wote ofisini, mmoja mmoja, nikiwashika mikono.

Wamecheka hadi wakakohoa.