Jiko Lisiloshika Kutu

Adelina alifika nyuma ya stesheni ya Tabora amevaa gauni la kitenge cha manjano, kilemba kimekaa upande, na akili yake yote ikiwa kwenye biashara. Asubuhi fundi Kornel alikuwa amempigia simu: kuna jiko la moshi la kubanikia nyama, la chuma cha zamani, mwenyewe anataka kuliuza. Mwenyewe ni nani, Adelina hakuuliza. Kibanda chake cha nyama mtaa wa Chemchem kilihitaji jiko, basi.

Alipenya katikati ya wachuuzi mpaka akalifikia. Akaligonga ubavuni kwa funguo. Likaitika kwa sauti nzito, si ile ya bati lililoliwa na kutu. Akapapasa chini, mahali majivu na mafuta hukutana yakatoboa chuma. Palikuwa pazima. Akawasha karatasi ndani, akafunga kifuniko, akatazama moshi unatokea wapi. Ulitokea kwenye dohani, na kidogo kwenye bawaba ya kushoto.

Akalitambua. Bawaba ile aliivunja yeye, siku alipolinunua jiko hilo pamoja na Ngollo, wakicheka na kupanga watakavyochoma nyama hadi uzeeni. Kisha Ngollo akamtuma mjomba wake Luhende kwao Adelina kuposa, na tangu hapo mwaka mzima kimya. Hakukupita siku Adelina asiitazame simu yake.

"Umeona kasoro?"

Ngollo alikuwa nyuma yake, shati limepigwa pasi, mwili umekonda.

"Ningejua muuzaji ni wewe nisingekuja," alisema Adelina. Uongo mtupu, angekuja mbio.

Alirudisha uso kwenye jiko ili asimtazame. Trei ya chini ilikuwa kavu, haina hata alama ya nyama. Lakini kuta za ndani ziling'aa mafuta mapya. Akapitisha kidole, akanusa.

"Hujabanika kitu humu."

"Sijabanika."

"Lakini unalipaka mafuta na kuliwasha."

"Kila Jumapili. Lisishike kutu kabla mwenzangu hajarudi."

Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Ya Adelina yalimtoka machoni.

"Mbona hukunipigia hata simu, Ngollo?"

"Ningekupigiaje na posa iko kwenu? Kwetu Igunga mtu akishaposa hamsumbui binti mpaka wakwe watume neno. Mjomba aliambiwa 'tumesikia'. Nikangoja neno."

"Kwetu neno halitumwi. Mshenga hurudi mwenyewe kulichukua. Baba alimngoja mjomba wako hadi akachoka, akasema mmeidharau nyumba yake. Na mimi nikajua umenitupa."

Ngollo alikaa juu ya tofali.

"Na sasa unaliuza," alisema Adelina.

"Nimechoka kulitazama bila wewe." Akainuka. "Jibu lilikuwa nini?"

Adelina alitoa simu, akageukia pembeni.

"Shikamoo, baba. Wale wageni wa Igunga... hawakudharau, baba. Walikuwa wanangoja watumiwe neno. Ndiyo. Ndiyo, nalia, lakini si kwa ubaya."

Alisikiliza, akafuta mashavu kwa ncha ya kilemba.

"Anasema jibu liko palepale walipoliacha. Mjomba alifuate, na safari hii asikawie."

Kornel alitokea akifuta mikono. "Dada, jiko umeliridhia?"

"Lina kasoro moja tu, bawaba," alisema Adelina, akimtazama Ngollo. "Mwenyewe ataitengeneza. Haliuzwi."